MKOPAJI, LIJUE DAFTARI LAKO

Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, ilikuwako katika Tanganyika sheria ya Mwingereza iliyosema kwamba asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, deni hilo halidaiwi mahakamani. Tuliambiwa kuwa tunalindwa. Kumbe tulifungiwa mlango! Hakuna aliyeuliza kama fulani ni mlipaji mwema. Rangi yake ilitosha kuwa jibu.

Sheria hiyo imekwisha zikwa. Leo mkulima wa mpunga wa Mbarali, au mwenye shamba la miti kule Mufindi, hupimwa kwa daftari lake mwenyewe. Kwa kanuni za mwaka 2012, mabenki hupeleka habari za wakopaji katika hazina iliyo chini ya Benki Kuu. Kampuni zenye leseni, kama Creditinfo, hutengeneza taarifa ya kila mkopaji: alikopa nini, na kama alilipa kwa wakati. Mkopeshaji huisoma kabla ya kutoa jibu.

Jambo hili ni jema, ikiwa daftari lasema kweli. Lakini mtu aliyemaliza deni lake, akaandikwa kuwa angali anadaiwa, amedhulumiwa. Akinyimwa mkopo, naye hajui sababu, hurudi kwao kichwa chini. Na kesho huenda akaangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu.

Ndugu wananchi wa Mbeya na Iringa, msinyamaze. Mkopaji anayo haki ya kuomba taarifa yake, kuisoma, kupinga kosa na kudai lisahihishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yaitia nguvu haki hiyo. Aanze kwa aliyemkopesha au kwa kampuni iliyoandika taarifa. Akipuuzwa, apeleke malalamiko yake Benki Kuu, ambayo ina tawi mjini Mbeya. Aende na stakabadhi zake mkononi, maana stakabadhi ndiyo shahidi wa mlipaji.

Wala asidhani mtu kwamba haki hii ni ya kukimbilia deni. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini aliyelipa asikubali kuitwa mdaiwa. Jana mlango ulifungwa na mkoloni; leo usifungwe kwa kimya chetu wenyewe.