Nani alisema kijana wa kambi ana muda mwingi?



Kuna maneno tunayasikia sana: "Vijana wa kambi wana muda mwingi, hawana la kufanya." Mimi nakataa. Kijana wa Dzaleka hakosi kazi, anakosa mshahara. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tuhesabu siku moja tu. Asubuhi ni foleni ya maji. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000, leo tuko zaidi ya 50,000, sasa foleni itakuwaje fupi? Ukitoka hapo unaenda kwenye kazi ya kujitolea mpaka saa tisa. Ukirudi, mama anataka mtu wa kukaa kwenye meza ya sokoni. Weka siku ya mgao, siku ya kuhakikiwa, siku ya kumpeleka mdogo wako hospitali. Unafungua kitabu usiku, na hapo simu imeisha chaji.

Tena mzigo uliongezeka. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini, familia zilizokuwa na maduka Lilongwe na kwingine zilifunga zikaja kuanza upya huku. Nyumba ya watu watano ikapokea shangazi na watoto wake, na duka lililokuwa linalipa karo likawa halipo. Watu wameongezeka, pesa imepungua. Na sheria tunaijua: Malawi ilikubali mkataba wa wakimbizi wa 1951 lakini ikaweka masharti yake kuhusu kazi na kutembea. Ndiyo maana wengi wetu hatuna mkataba wa kazi, tuna insentivu.

Kwa hiyo video za mtandaoni zinazosema "amka saa kumi na moja, acha kazi usiyoipenda, fuata ndoto zako" hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Lakini sisemi tukae tu. Nasema tuanze na muda tulio nao kweli.

Kwanza, tafuta saa ambayo hakuna mtu anakudai. Inaweza kuwa moja tu kwa siku. Weka humo lengo moja, siyo matano. Ukitaka kurudia mtihani wa MSCE, ni MSCE. Ukitaka kushona, ni kushona. Kuna vijana wana vyeti saba vya mafunzo ya wiki mbili mbili, na bado hakuna kitu kimoja wanachoweza kukifanya mpaka mwisho mtu akawalipa. Hapa zamani palikuwa gereza, na kwa Kichewa "kuleka" ni kuacha. Basi na sisi tujifunze kuacha baadhi ya vitu ili kimoja kikamilike.

Pili, ongea na nyumbani. Kumwambia mzazi "sina muda" ni kumkosea heshima. Lakini ukisema, "Mama, Jumanne na Alhamisi jioni nina masomo, Jumamosi meza ni yangu kutwa nzima, wewe upumzike," hapo umeomba na umetoa. Wazazi wengi watakubali wakiona Jumamosi umekaa kweli.

Tatu, na hili wakaka hatupendi kulisikia. Kaka akisoma mpaka saa nne usiku tunamsifu kwamba ana bidii. Nani alichota maji? Nani alipika, akaosha vyombo, akambeba mtoto? Mara nyingi ni dada yake, ambaye naye ana mtihani uleule. Muda wa kaka umetoka kwa dada. Ndoo haina jinsia, jamani. Gawaneni siku.

Nne, kwa ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru, lakini muda wa mtu wa kujitolea siyo wa bure. Ukimwita kikao leo kwa ajili ya kesho, kuna meza sokoni itafungwa na kuna somo litapotea. Toeni taarifa siku mbili tatu kabla. Semeni kikao kinaisha saa ngapi, na kiishe saa hiyo. Mtu akimaliza mwaka, mpeni barua inayoeleza kazi aliyofanya. Kwa asiye na mkataba, barua hiyo ndiyo historia yake ya kazi.

Tano, tuache kusema "nikishaitwa kwenda nje, nitaanza." Kuitwa kunachukua miaka, na wengi hawaitwi. Angalieni Tamasha la Tumaini. Lilianzishwa 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, tunayemwita Menes la Plume, mkimbizi kutoka Kongo, na sasa watu wanatoka Lilongwe na nchi za nje kuja kusikiliza muziki hapahapa kambini. Yeye hakungoja ndege. Hata Kiingereza unachotaka kukitumia Canada, utakianza hapa hapa.

Mwisho, kupumzika siyo uvivu. Mpira wa jioni na maongezi na wenzako vinakupa nguvu ya kesho. Kuna siku foleni ya maji itakula saa yako yote. Siku hiyo usijilaumu, endelea kesho yake.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: andika saa yako moja ni ipi, halafu mwambie mtu mmoja nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba.