Anayelipia Shule Aisimamie: Habari za Birmingham

Imekuwa desturi sasa, kila linapotajwa jambo la wazazi na walipa kodi kusimamia shule zao, atokee bwana mmoja aliyesoma aseme kuwa elimu ni kazi ya wataalamu, na kwamba mtu wa kawaida akipewa kiti katika bodi ya shule ataleta fitina na siasa tu. Sisi hatukubali. Na kwa kuwa mabwana hawa hupenda kututajia Uingereza kuwa ndiko mambo yalikoendeshwa kwa utaratibu, leo tutawafuata huko huko. Tutawaonyesha mji mmoja wa viwanda ambao shule zake zililetwa na siasa, zikapiganiwa kwa kura, na zikasimamiwa kwa miaka 32 na bodi iliyochaguliwa na walipa kodi. Mji wenyewe ni Birmingham.

Kwanza wanachama waujue mji huo. Mwaka 1871 ulikuwa na watu zaidi ya 340,000, na wengi wao walikuwa mafundi wa chuma na shaba. Walitengeneza skrubu, vifungo vya nguo, vitanda vya chuma, na bunduki ambazo nyingi zililetwa kuuzwa Afrika. Walitengeneza pia nibu za kalamu kwa mamilioni, zikaenda kuandikia barua katika nchi za mbali. Lakini walikuwapo watoto wengi wa mafundi hao ambao hawakuweza kuandika hata majina yao. Mtoto aliingia karakana akiwa mdogo, na shule zilizokuwapo karibu zote zilikuwa za makanisa, zikiendeshwa kwa michango, kwa karo, na kwa msaada wa Serikali. Palipokuwa na padre mwenye bidii na tajiri mwenye huruma palikuwa na shule. Pasipokuwa nao, mtoto alikaa barabarani.

Mwaka 1869 watu wa mji huo waliunda chama walichokiita National Education League, yaani Umoja wa Elimu wa Taifa. Viongozi wake walikuwa George Dixon, aliyekuwa Mbunge na aliyepata kuwa Meya, na Joseph Chamberlain, mwenye kiwanda cha skrubu. Madai yao yalikuwa wazi: kila mtoto aingie shule, aingizwe kwa sheria, asilipe karo, na shule ya umma isiwe mali ya dhehebu lolote. Mwezi Machi 1870 walikwenda London, ujumbe mkubwa, wakamkabili Waziri Mkuu Gladstone nyumbani kwake.

Walipata nusu ya walichotaka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870, aliyoileta W. E. Forster, Mbunge wa Bradford, iliacha shule za makanisa zilivyokuwa. Lakini mahali pasipo shule za kutosha, watu walichagua Bodi ya Shule. Bodi hiyo ilipewa meno: iliweza kutoza fedha katika kodi ya majumba, kujenga shule, na kutunga amri ya kuwalazimisha wazazi kuwapeleka watoto. Katika shule ya Bodi ilikatazwa kufundisha katekisimu ya dhehebu fulani. Karo haikufutwa, ila haikuruhusiwa kuzidi peni tisa kwa juma. Tena jambo la ajabu kwa nchi ile na wakati ule: mwanamke mlipa kodi alipiga kura ya Bodi, na mwanamke aliweza kugombea, hali kura ya Bunge hakuwa nayo.

Sasa tunafika mahali tunapotaka wanachama wasome pole pole.

Uchaguzi wa kwanza wa Bodi ya Birmingham ulifanywa Novemba 1870. Viti vilikuwa 15. Kila mpiga kura alikuwa na kura 15, akiruhusiwa kumpa kila mgombea moja, au kuzigawa apendavyo, au kumpa mtu mmoja zote 15. Mpango huo uliwekwa ili vikundi vidogo visimezwe. Chama cha Liberal, ambacho ndicho kilichokuwa na watu wengi mjini na ndicho kilichopigania sheria yenyewe, kiliona fahari kusimamisha wagombea 15 ili kitwae viti vyote. Wapinzani wao, watu wa Kanisa la Uingereza, walisimamisha wanane tu. Wakatoliki walikuwa na mtu mmoja, padre.

Matokeo: wanane wa Kanisa waliingia wote. Padre wa Wakatoliki akaongoza orodha nzima kwa wingi wa kura. Liberal wakapata viti sita. Wenye watu wengi mjini wakakaa upande wa wachache katika Bodi waliyoizaa wenyewe!

Msomaji asidhani kura ziliibwa. Hesabu ni rahisi, na tunaiandika hapa kwa mfano. Chukua wapiga kura 100. Sitini ni wa Liberal. Kwa kura 15 kila mtu, wana kura 900. Zigawe kwa wagombea 15, kila mgombea anapata 60. Arobaini ni wa Kanisa. Wana kura 600. Zigawe kwa wagombea wanane, kila mmoja anapata 75. Wanane wa Kanisa wamekwisha kupita kabla Liberal wa kwanza hajahesabiwa. Sitini wameshindwa na arobaini, na hakuna aliyedhulumiwa.

Na Liberal hawa hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Miaka miwili nyuma, katika uchaguzi wa Bunge wa 1868, Birmingham ilikuwa na viti vitatu na kila mtu kura mbili tu. Chama kiliwagawia watu wa kila mtaa majina mawili ya kupigia, huku haya na kule yale, kikatwaa viti vyote vitatu. Wapinzani walicheka kuwa watu wa Birmingham hupiga kura kama walivyoambiwa. Wacheke! Basi mwaka 1870 waliosahau hesabu walikuwa watu walioijua. Tamaa ya kutwaa kila kiti ndiyo iliyowaponza, na twaliona jambo hili katika vyama vingi, hata vya karibu nasi.

Walikaa upande wa wachache miaka mitatu, wakibishana juu ya kifungu cha 25 cha sheria, kilichoiruhusu Bodi kutoa fedha za kodi kulipia karo ya watoto maskini katika shule za makanisa. Liberal walisema: fedha ya wote haiwezi kwenda kufundisha dini ya baadhi. Watu wa Kanisa walisema: maskini ana haki ya kumpeleka mwanawe shule ya dini yake. Hata leo hatuwezi kusema kuwa upande mmoja ulikuwa na hoja na mwingine hauna. Kifungu kilifutwa mwaka 1876.

Lakini ushindi haukutoka katika hoja. Mwaka 1873 chama kilimpata katibu mpya, Francis Schnadhorst, mtu wa kalamu na daftari, si mtu wa jukwaa. Kamati za mitaa zilitengenezwa upya, nyumba zikahesabiwa. Novemba mwaka huo chama kilisimamisha wagombea wanane tu, wakashinda wote wanane. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Eliza Sturge, wa kwanza katika Bodi ile. Wanane kati ya 15 ni wengi. Hawakuhitaji wa tisa. Chamberlain akawa Mwenyekiti wa Bodi, na mwezi huo huo akawa Meya wa mji.

Je, fitina na siasa hizo zilizaa nini? Zilizaa shule. Kazi ya ramani walipewa wajenzi Martin na Chamberlain (huyu ni J. H. Chamberlain, si jamaa wa yule mwenye skrubu), wakajenga kwa matofali mekundu, madirisha makubwa, na minara mirefu ya kutolea hewa chafu, maana hewa ya mji ilikuwa moshi mtupu. Walisema wazi kuwa mtoto wa fundi naye astahili jengo zuri. Shule ya Oozells Street, iliyojengwa mwaka 1877, ingali imesimama, na leo ni nyumba ya maonyesho ya sanaa. Dixon alishika uenyekiti mwaka 1876 akakaa miaka mingi. Mwaka 1884 alitoa fedha zake ili kiwanda cha zamani cha Cadbury, katika Bridge Street, kigeuzwe shule ya darasa la saba, watoto wa mafundi wajifunze sayansi na ufundi baada ya masomo ya msingi. Karo yenyewe iliondoka karibu kote nchini baada ya sheria ya 1891.

Hatusemi Bodi haikuteleza. Katika dini ilijaribu njia kali: walimu wasifundishe dini hata kidogo, mapadre na watu wa kujitolea waje kuifundisha wenyewe. Wa kujitolea hawakutosha, na mwaka 1879 Bodi ikaruhusu Biblia isomwe bila maelezo. Wazazi nao walinung'unika. Afisa wa Bodi alipobisha hodi kuuliza mtoto yuko wapi, mama mjane aliyetegemea senti za mwanawe hakumwona kuwa rafiki. Lakini kila miaka mitatu mama huyo, akiwa mlipa kodi, aliweza kwenda kuwapigia kura wengine. Hilo ndilo tunalolitetea. Mtaalamu akikosea humwoni, hujui aliko. Mjumbe wa Bodi akikosea unamjua jina na mtaa.

Bodi zote, zaidi ya 2,500 katika Uingereza na Wales, zilifutwa na sheria ya mwaka 1902, na shule zikapewa mabaraza ya miji na majimbo. Zipo sababu za kweli: bodi nyingi za vijijini zilikuwa ndogo mno na dhaifu. Lakini bodi za miji mikubwa zilikuwa zimeanza kupandisha watoto wa mafundi juu ya masomo ya msingi, na mwaka 1901 mahakama ilikwisha kuamua kuwa fedha za kodi haziruhusiwi kwa kazi hiyo. Sheria mpya ikaleta pia fedha za kodi kwa shule za makanisa. Wanawake wakapoteza mlango, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuchaguliwa katika mabaraza hayo hadi mwaka 1907.

Joseph Chamberlain alikuwamo katika baraza la mawaziri lililofanya hayo. Alikuwa sasa Waziri wa Makoloni. Desemba 1902, mwezi ule ule sheria ilipopita, alishuka Mombasa akiwa njiani kwenda Afrika ya Kusini, akapanda garimoshi kwenda bara. Nchi hiyo haikuwa bado chini ya wizara yake. Hata hivyo mwaka 1903 yeye ndiye aliyemtajia Theodor Herzl kuwa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi waweza kupewa ardhi huku, na ardhi iliyokusudiwa ikawa ya Uasin Gishu. Shida ya Wayahudi ilikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyewafundisha walipa kodi wa Birmingham kuhesabu kura zao hadi ya mwisho hakuona haja ya kuwauliza wenyeji wa Uasin Gishu hata kura moja.