Mtaji Usilale Ukisubiri Kamera Mpya

Mwezi Mei mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya picha wa Kariakoo, ambaye tumekuwa tukipashana habari za bei kwa miaka mingi, alirudi kutoka Dubai na kamera nne aina ya Canon EOS R5. Alizipata kwa bei nzuri na alijisifu sana. Asichojiuliza ni kwa nini muuzaji wa jumla alikuwa na haraka ya kumpa punguzo lile. Tarehe 17 Julai Canon ikatangaza R5 Mark II, bodi peke yake dola 4,299 za Marekani. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia dukani kwake alianza na swali moja: "Hiyo ya zamani unaiachia kwa shilingi ngapi?"

Kamera zile hazikuharibika usiku mmoja. Zilikuwa na pikseli milioni 45 siku ya tarehe 16 na zilikuwa nazo tarehe 18. Kilichobadilika ni kwamba soko lilikwisha kuziita za zamani, na kwa mwenye mtaji mdogo neno hilo ni sawa na kushushiwa bei.

Ukweli ni kwamba bei huanza kushuka mapema, tangu uvumi wa kamera mpya unapoanza kusambaa. Mpiga picha mwenye fedha mkononi huahirisha kununua, na muuzaji mkubwa, ambaye husikia mapema kuliko sisi, huanza kupunguza stoo yake. Mizigo hiyo hutafuta pa kwenda, na mara nyingi huishia kwa mfanyabiashara mdogo anayeona kuwa ameokota dodo.

Viwanda navyo vina sababu ya kuipenda hali hii. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu imekula kamera ndogo zote, na waliobaki ni wateja wachache walio tayari kutoa maelfu ya dola kwa kamera ya daraja la juu isiyo na kioo. Mteja wa namna hiyo huandaliwa kwa miezi, na kila anayepiga gumzo kuhusu kamera ambayo hajaishika anamfanyia mtengenezaji matangazo bila malipo.

Tuangalie R5 yenyewe ilivyoingia sokoni. Canon ilitangaza tarehe 13 Februari 2020 kwamba inaitengeneza. Bei, dola 3,899, ilitajwa tarehe 9 Julai, na mauzo yakaanza mwisho wa mwezi huo. Kwa muda wa miezi mitano watu walisubiri kamera isiyo na bei, huku walioshika 5D Mark IV, ambayo ilitoka mwaka 2016 kwa dola 3,499, wakiziona zinakaa kabatini. Sifa kubwa iliyokuwa ikipigiwa debe ni video ya 8K. Ilipofika ikaonekana kuwa inapata joto. Canon yenyewe ilieleza kuwa katika nyuzi joto 23 ingechukua video hiyo kwa dakika 20 hivi kabla ya kuhitaji kupoa. Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam nyuzi 23 zinapatikana wapi? Na mshehereshaji gani wa harusi anayemaliza utambulisho wa familia mbili kwa dakika 20?

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kampuni ilitoa programu mpya iliyopunguza tatizo hilo, na kwa upande wa picha za mnato kamera ile ilikuwa, na bado ni, chombo cha kazi hasa. Lakini aliyenunua wiki ya kwanza alilipa bei kamili ili awe mjaribiaji. Aliyengoja hadi Oktoba alinunua akijua anachonunua. Mark II nayo imekuja na kishikio chenye feni cha kupoza bodi, ila feni hiyo huuzwa peke yake. Betri za R5 zinaingia, lakini ukizitumia baadhi ya kazi hazipatikani, kwa hiyo mnunuzi anayetaka betri za akiba analazimika kununua mpya juu ya bei ya bodi. Gharama kama hizi hazimo katika gumzo la kusubiri.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kuwa anayewahi ndiye anayepata cha juu, kwa sababu mwanzoni bidhaa huwa adimu. Hoja hiyo ina uzito. Nikon ilipotangaza Z9 tarehe 28 Oktoba 2021, kwa bei iliyokaribia dola 5,500, maombi yalizidi uwezo wa kiwanda hata kampuni ikaomba radhi kwa kuchelewesha mizigo. Aliyekuwa nayo mkononi wakati huo alijipangia bei. Lakini ni nani alikuwa nayo? Mgawo huanzia kwa maduka makubwa ya Japani, Marekani na Ulaya, na sisi wa fremu moja tuko mwisho wa foleni. Mzigo unapotufikia, uhaba umekwisha au unaelekea kwisha. Isitoshe, Mei 2023 Nikon ileile ilileta Z8, yenye sensa ileile, kwa bei isiyofika dola 4,000. Aliyekuwa amelundika Z9 kwa kutegemea uhaba alijikuta anashindana na mdogo wake aliye nafuu kwa dola 1,500.

Kwa maoni yangu, jambo la hatari kuliko yote ni kupokea arubuni ya mteja kwa kamera ambayo bei yake haijatangazwa. Unaahidi kwa shilingi, unalipa kwa dola, na ushuru unaukuta bandarini. Bei ikitoka juu ya ulivyokisia, tofauti ni yako. Ukirudisha arubuni, umepoteza mteja. Mali kauli ya bodi mpya ni mtego uleule, kwa kuwa deni halishuki bei inaposhuka.

Mwenye kutaka kuweka fedha zake katika biashara hii namshauri atazame lenzi. Canon EF 24-70mm f/2.8L II ni ya mwaka 2012, na kwa adapta inafanya kazi kwenye bodi ya mwaka 2024. Bodi kadhaa zimezaliwa na kuzeeka katika muda huo. Lenzi nayo hushuka thamani, lakini haishuki kwa tangazo la siku moja. Na kama ni bodi, inunuliwe ile inayoachwa, baada ya mpya kutangazwa na bei yake kujulikana, kamwe si miezi miwili kabla kama alivyofanya yule rafiki yangu.

Yeye aliuza tatu kati ya zile nne kabla ya Krismasi, mbili kwa faida ndogo na moja kwa hasara. Ya nne aliacha kuiuza. Huikodisha kila Jumamosi kwa mafundi wa video za harusi, na kwa maelezo yake ndiyo inayomlipia kodi ya fremu.