Tatuu ya msalaba: mchoro gani, na mahali gani?



Frateri akienda likizo parokiani, swali la tatuu halikosi, na vijana huliuliza kwa namna moja tu: ni dhambi au si dhambi? Jibu lake ni fupi kuliko wanavyotarajia. Katazo la Walawi 19:28 limo kati ya sheria zilizowatenga Waisraeli na desturi za jirani zao. Sura hiyohiyo inakataza nguo ya nyuzi za aina mbili na kunyoa denge. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haitaji tatuu popote. Machi 2018, mseminari wa Ukraine alimwuliza Papa Fransisko jambo hilo mjini Roma. Papa alimjibu asiogope tatuu, akataja Wakristo wa Eritrea wanaochorwa msalaba kwenye paji la uso, ingawa aliongeza kwamba kupita kiasi kupo.

Swali zito ni lile ambalo vijana hawaulizi: nichore nini, na wapi?

Wakopti wa Misri huchorwa msalaba mdogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, wengi wakiwa bado watoto. Mjini Yerusalemu, ukoo wa Razzouk, wenye asili ya Kikopti, umechora mahujaji kwa vizazi vingi, na hadi leo unazo mihuri ya mbao ya kupigia michoro hiyo. Wanawake Wakatoliki wa Bosnia, enzi za utawala wa Waturuki, walijichora misalaba mikononi. Kote huko mchoro ni wa kawaida kabisa, na mahali ni pa wazi. Aliyechorwa hawezi kesho kusema kwamba hamjui Yesu, hata pale ambapo kumjua kunamgharimu.

Sasa mtazame kijana wetu anayetaka uso wa Bikira Maria mgongo mzima, ili uonekane akivua shati ufukweni. Simhukumu, ila namwuliza: alama hiyo inamshuhudia nani? Tena wino husambaa polepole chini ya ngozi, na michoro yenye mistari myembamba ndiyo huharibika kwanza. Baada ya miaka ishirini macho ya Mama Maria yatakuwa madoa mawili. Rozari ya kuzungushwa kifundo cha mguu nayo siielewi. Rozari husaliwa kwa vidole. Na jina la mchumba lisubiri ndoa, na baada ya ndoa pete inatosha.

Maoni yangu ni haya: anayechora, achore msalaba mdogo wenye mistari minene, kwenye kifundo cha mkono, au asichore kabisa. Najua gharama yake. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi hapa Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini, na mwili ni pamoja na mgongo. Kijana wa VIWAWA anayetamani kazi hiyo aamue kabla ya sindano, si baada. Asiye tayari kulipa gharama hiyo hajakosa kitu. Ubatizo na Kipaimara vilishamtia chapa isiyofutika, ambayo hakuna afisa atakayeikagua.

Kwa mseminari kuna zaidi. Mikono yake itapakwa Krisma siku ya upadrisho, na kila Misa waamini wataitazama ikiinuliwa. Bibi wa Kimakonde mwenye chale usoni pengine hatashtuka. Mzee wa jumuiya nyingine atashindwa kusali. Huyo azungumze na gombera na mlezi wake wa kiroho kwanza, na akiambiwa hapana, iwe hapana.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, kwa sababu homa ya ini na VVU hupita hapo. Kama kovu lako huwa linavimba na kukua, usiguse kifua wala mabega.

Na bado kuna njia rahisi ya kujipima. Mwombe dada anayepamba maharusi akuchoree msalaba huo kwa hina ya kawaida, si piko, mahali palepale ulipokusudia. Nenda nao kazini, sokoni, kwenye Misa, kwa wakwe. Ukifutika, mchoree tena, mara tatu au nne. Angalia ni mara ngapi umeshusha mkono wa shati.