Tumewafanya Wachimbaji Wahusika Bapa

Mwaka juzi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. "Shikamoo kaka. Wewe ndiye yule mwandishi uliyekuja machimboni ukatupiga picha?" Nikasema ndiye. Kijana akaniambia mwenzao amefunikwa na kifusi, wanamsafirisha kwenda kwao Shinyanga kuzika. Marehemu hakuacha picha zaidi ya ile ndogo ya kwenye kadi ya mpiga kura. Nina ile niliyompiga siku ile? Ndugu wanataka kuiweka kwenye fremu.

Niliitafuta, nikaipata. Kofia ngumu ilionekana. Fulana nyekundu ilionekana. Nyuma yake rundo la mawe meupe liling'aa vizuri kabisa. Pale uso ulipotakiwa kuwa palikuwa na doa jeusi na meno. Niliituma hivyohivyo, na mtu wa stesheneri akajaribu kuing'arisha. Uso ukawa wa kijivu, umejaa chengachenga. Kijana aliniambia baadaye kwamba mama mzazi aliishika, akaitazama sana, akairudisha. Wakakuza ile ya kadi.

Naandika haya kwa sababu kila wiki naona picha kama ile yangu zikitoka machimbo ya Geita, Kahama na Msalala, na zinapongezwa. Sisi tunaosoma vitabu tuna ukali wetu. Mwandishi akituletea mhusika bapa, mtu wa sifa moja tu, tunamchana hadharani. Picha ikituletea mchimbaji asiye na macho, tunasema "picha kali!" na kuisambaza. Ukali wetu unaishia kwenye maneno?

Kuna visingizio vitatu, na vyote nimewahi kuvitumia.

Cha kwanza: simu yangu ya bei rahisi. Jamani, simu ile haikunilazimisha kupiga saa saba mchana. Saa ya Tanzania inafuata nyuzi 45 mashariki, na sisi wa Geita na Shinyanga tuko kwenye 32 na 33, kwa hiyo jua la utosi hapa halifiki saa sita kamili. Linafika kama saa saba kasorobo. Ndiyo saa waandishi tunayofika machimboni, baada ya kuripoti ofisini na kunywa chai ya mwenyekiti. Jua likiwa juu ya kichwa, ukingo wa kofia unafunika macho, na paji la uso linafanya mashimo mawili. Ongeza mawe meupe nyuma: simu inapima mwanga wa picha nzima, inaona kuna mwanga mwingi mno, inaupunguza. Anayeumia ni mwenye uso mweusi.

Dawa yake haihitaji pesa. Mzungushe mtu asimame mbele ya kitu chenye kivuli, si mbele ya anga. Msogeze chini ya mwembe, au kwenye turubai la mama ntilie, pale kivuli kinapoishia, aelekee kwenye uwazi. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo. Kama anaweza kusubiri, rudi saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Mwanga wa ubavuni huonyesha mfupa wa shavu, mikunjo, kovu, vumbi la karasha kwenye nyusi. Flashi ya usoni hubapaza vyote hivyo. Neno letu la uhakiki ni hilohilo: mwanga wa mbele huzaa mhusika bapa, wa pembeni huzaa mhusika duara. Mtu anayeshinda ndani ya duara akitafuta dhahabu anastahili angalau hilo.

Kisingizio cha pili: eti sisi weusi hatutoki vizuri kwenye picha. Uongo huu una historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kati ya waliolalamika hadi filamu ikaboreshwa walikuwemo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ilisikilizwa, bwana! Sasa filamu zimepita, kadi zimepita, na bado tunajirudishia kasoro ile kwa mikono yetu kwa sababu ya uvivu wa kusogea hatua mbili.

Cha tatu, ninachokichukia zaidi: muhimu ni ujumbe. Angalia basi ujumbe wenyewe. Mgeni rasmi katikati, viongozi wamejipanga kama ukuta, mfano wa hundi umeshikwa mbele, na wachimbaji wenyewe ni visogo vilivyokatwa na ukingo wa picha. Mpangilio ule umeshasema nani ni mtu na nani ni pambo. Au mpiga picha amesimama juu kwenye mdomo wa shimo, anapiga chini, watu wanaonekana kama sisimizi. Najua tunamuiga nani. Mwaka 1986 Sebastião Salgado alipiga picha za machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada, Brazil, maelfu ya watu wakipanda ngazi na viroba. Ni picha kubwa. Lakini tunaiga ile ya juu na kusahau kwamba alishuka pia. Kuna ile ya mchimbaji ameshika bunduki ya askari, wanatazamana uso kwa uso. Hata hivyo Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alimlaumu Salgado kwa kutowataja kwa majina watu wanyonge aliowapiga. Kama yeye alilaumiwa, sisi tunaoandika "mchimbaji mdogo akiwa kazini" tutasemaje?

Mtu ataniuliza: na wale wasiotakiwa kuonekana? Swali zuri. Mtoto aliyekutwa mwaloni akishika zebaki, uso wake uache gizani kwa makusudi. Piga mikono, piga beseni. Giza la kumlinda mtu lina kazi yake. Langu mimi lilikuwa la haraka.

Tena hapa kwetu kuna jambo ambalo halina mjadala. Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, na Buhangija, Shinyanga, watoto wao walihifadhiwa shuleni kwa ajili ya usalama. Wageni wangapi wamekwenda na kamera, wakawapanga watoto wale juani wapate "mwanga mzuri"? Ngozi yao inaungua, macho yao hayavumilii jua, kwa hiyo wanakunja uso, na picha inatoka nyeupe tupu isiyo na sura, ndipo tunaandika kwamba wana huzuni. Waweke kivulini. Kivuli kilekile cha mwembe kinachomfaa mwenye ngozi nyeusi kinawafaa na wao, hata wakisimama pamoja. Na kabla ya kuirusha, fikiria kwanza nani mwingine ataiona na kujua mtoto yuko wapi.

Siku hizi nikifika machimboni napoteza dakika kumi. Nasalimia, "Mwangaluka, mayu," nauliza kivuli kiko wapi, naandika jina kamili, naonyesha picha kwenye kioo kabla sijaondoka. Wakisema "huyu si mimi," nafuta, napiga tena. Wahariri wananiuliza mbona naleta picha nne badala ya arobaini.

Yule kijana wa simu naye nilimpiga mwezi uliopita, kibarazani, jioni. Nilimsafishia nakala mbili Kahama mjini. Moja alisema ni ya mchumba wake. Ya pili aliikunja kwenye nailoni, akasema anaipeleka kwa mama yake aitunze.