MASHINE YENYE MIGUU: BWANA WAKE NI NANI?

Mwezi wa Aprili 2025, katika mji wa Beijing, mashine 21 zilizoumbwa kwa mfano wa binadamu, yaani roboti, ziliingia katika mbio za kilometa 21 pamoja na watu. Zilizofika mwisho ni sita tu. Iliyotangulia, Tiangong Ultra, ilianguka njiani, ikabadilishwa betri mara tatu, ikamaliza kwa saa 2 na dakika 40. Mshindi wa watu alitumia saa 1 na dakika 2. Wengi walicheka. Sisi hatukucheka, maana mtoto anayejifunza kutembea huanguka, na kesho hukimbia.

Mafundi wa kazi hii wamekwenda kusoma hata kwa wanyama. Huko Marekani kampuni ya Boston Dynamics iliunda Spot, mashine ya miguu minne itembeayo kama mbwa. Mwaka 2020 ilipelekwa Chernobyl kupima mionzi, mahali ambapo si haki kumtuma mwana wa mtu. Kazi ya namna hiyo tunaisifu.

Lakini iko nyingine, jina lake Digit, ambayo miguu yake hukunjika kama ya ndege. Mwaka 2024 ilianza kubeba makasha katika ghala moja la jimbo la Georgia. Kazi hiyo hulipiwa. Ila malipo huenda kwa kampuni iliyoiunda, si kwa mchukuzi. Hapo ndipo tunapouliza: Bwana wa mashine ni nani, na faida ni ya nani?

Neno roboti lilitokea katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, Mcheki, mwaka 1920. Asili yake ni robota, maana yake kazi ya shokoa. Babu zetu wa Tanganyika hawakuhitaji kufasiriwa neno hilo. Walilima barabara za serikali ya kikoloni kwa shokoa, wakahesabiwa kuwa mikono tu, isiyo na tumbo wala ulimi. Leo chuma kinapewa mikono. Je, mwenye tumbo na ulimi atawekwa wapi?

Hatusemi mashine zivunjwe. Asemaye hivyo anataka jembe la mkono liwe urithi wetu milele. Tunasema mambo matatu. Kwanza, mashine ipewe kazi ya sumu na ya kuvunja mgongo. Pili, tajiri asiilete kazini kabla ya kukaa na chama cha wafanyakazi, na faida yake ipunguze saa za kazi, isipunguze mkate. Tatu, watoto wetu wafundishwe hesabu na ufundi wa kuiunda, wasibaki kuifuta vumbi.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu wanachama, mgeni huyu wa chuma yuko njiani. Tusimkimbie, wala tusimpigie vigelegele kabla ya kujua nani atakayepona.