Kabla hujavisha makochi upya

Wazazi wenzangu, mauzo ya kahawa yakiisha hapa Bugarama, mafundi makochi hawalali. Mwaka jana nami nilimpelekea mmoja seti yetu ya watu saba. Tukakubaliana 350,000, kitambaa juu yake. Ikarudi inang'aa. Mwezi wa tatu kitinda mimba wetu akairukia, kama watoto wote, mbao ya chini ikakatika na msumari ukamchoma paja. Tukakimbilia zahanati kwa sindano ya pepopunda. Kumbe kitambaa kipya kilifunika mbao zilizobunguliwa.

Simlaumu fundi peke yake. Mimi nilichagua rangi kabla ya kuuliza lolote. MV Victoria, meli ya Mwanza na Bukoba, iliporudi ziwani mwaka 2020 ilikuwa na injini mpya, si rangi tu.

Siku hizi fundi avue kitambaa cha zamani nikiwapo. Tunagonga kila mbao, tunabonyeza sponji: ikibonyea isirudi, imekufa. Hapo ndipo bei itajwe. Kitambaa nanunua mwenyewe baada ya yeye kupima, na mabaki narudi nayo nyumbani (yanatosha foronya za mito midogo). Nusu ya ufundi nalipa mwanzoni, nusu nikishakaa na kujizungusha.

Na kama pesa yenyewe ndiyo ya sare za Januari, tandika shuka, makochi yasubiri. Lile letu lililovunjika bado limeegemea ukuta, na sare zimeshashonwa.